Mume Niliyemzika Anakunywa Chai Nansio

Mliokuwa nami wiki iliyopita mliniacha stendi ya Buzuruga, chai ya moto imenimwagikia miguuni na wala sisikii. Shoga yangu Bernadeta, anayeuza mitumba jirani na meza yangu ya maandazi, alikuwa ametoka kwao Ukerewe msibani. Hata mzigo hajautua, alinivuta pembeni.

"Mwaija, kaa chini. Nimemwona Nurudin."

"Nurudin gani?"

"Wa kwako. Yuko Nansio, kwa kinyozi, ananyolewa kichwa."

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: Nurudin ni mume wangu, na nilikuwa nimekwisha kumzika. Mimi ndiye yule ambaye magazeti ya mwaka tisini na nne yalimwita Mjane wa Magugu.

Nurudin alikuwa mnunuzi wa mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa sangara ambavyo miaka ile wageni walikuwa wakivigombania. Alitoka asubuhi akaniambia nimwekee ugali. Haukuliwa. Baadaye mwili ukaonekana umenasa kwenye magugumaji, Kirumba, si mbali na soko la Mwaloni. Umevaa shati lake. Umevaa pete yake. Uso umepondwa, hauna pua wala mdomo.

Shemeji yangu Makame, mdogo wake Nurudin, alinishika bega mbele ya polisi. "Ni yeye, shemeji. Sema ni yeye, tumsitiri."

Nikasema ni yeye. Jua halijazama, tukawa tumezika.

Nilikuwa bado ndani ya eda polisi waliponifuata. Walisema hakuna anayejua siri za mtu kama mkewe. Niliingia mahabusu na mwanangu Maulida mgongoni, nikatoka mgongo mtupu. Surua ilipita mle ndani, ikachagua watoto. Makame ndiye aliyekabidhiwa mwili wa Maulida getini. Mimi sikuruhusiwa hata kutupa mchanga.

Mwishowe waliniachia. Hawakunisafisha, walinichoka tu.

Kesi ile ilizungumzwa Mwanza kuliko mechi za uwanja wa Kirumba. Kila kijiwe kilikuwa na muuaji wake. Hawa wakisema majambazi wa ziwani, wale wakisema wanunuzi wa ng'ambo, wengine wakanong'ona kuhusu dawa za utajiri. Wengi walisema ni mimi. Polisi walikamata watu, wakawapiga, wakawaachia. Mahali mwili ulipopatikana palikuwa pamekanyagwa na nusu ya mji kabla askari wa kwanza hajafika. Daktari aliuangalia mwili kwa haraka kwa sababu ndugu walikuwa nje wanapiga kelele wapewe maiti wao. Aliyepiga kelele zaidi alikuwa Makame.

Na wote waliuliza swali moja: nani alimchukia Nurudin?

Walichimba hapo mpaka majembe yakavunjika. Sasa nawaambia kwa nini hawakupata kitu.

*

Kabla ya kwenda Nansio nilikwenda kwa Inspekta Luhende. Ndiye aliyeshika kesi ile tangu siku ya kwanza, na ilimharibia kazi. Wenzake walipanda vyeo. Yeye walibaki kumtania kantini: "Luhende, marehemu hajakuotesha tu?"

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Wewe tena?"

"Afande, mume wangu yuko hai."

Nilidhani atacheka. Aliinuka akafunga mlango.

"Umemwona kwa macho yako?"

"Ameonwa na mtu ninayemwamini. Yuko Nansio."

Alikaa. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyejua ugonjwa wake.

"Mama, nisikilize, maana mimi nakuonea huruma. Mimi kwenye jalada langu sina mtu aliye hai. Nina maiti. Maiti ile ina jina kwa sababu wewe uliipa jina. Ukiniletea Nurudin anatembea, kesi haifungwi, inaanza upya. Na wa kwanza kuulizwa utakuwa wewe. Ulituambia ni mumeo. Kwa nini?"

"Nilishikwa bega, afande. Nikaambiwa niseme."

"Na nani?"

"Shemeji Makame."

"Ulijua ni uongo?"

"Niliamini. Shati nilikuwa nimelifua mwenyewe."

Alikuna kidevu muda mrefu. Jina la Makame niliona limemkaa mahali. Kisha akafungua mlango.

"Nenda kauze maandazi yako, mama. Mtoto umeshampoteza. Unataka kupoteza nini kingine?"

Nilitoka pale nimeudhika. Kama ningejua ataanza kwa kumwuliza nani, ningerudi nikaangukia miguu yake.

*

Nilipanda meli ya Nansio. Nililala kwa ndugu zake Bernadeta, na kulipokucha nikaenda kwa yule kinyozi ambaye Bernadeta alinielekeza.

"Kaka, namtafuta mtu. Mrefu, bega moja limeshuka, akicheka anafunika mdomo."

"Huyo si Masele? Ana kovu hapa shavuni?"

Nurudin wangu hakuwa na kovu. Nikasema ndiyo.

"Masele mtu safi. Anamtunza mama yake kipofu kuliko sisi ambao mama zetu wanaona. Jumapili anamshika mkono mpaka kanisani."

"Kanisani?"

"Kanisani. Mbona umeshtuka, dada?"

Nurudin, aliyenigombeza nikichelewa kumwekea maji ya kutawadha!

Lakini si kanisa lililonikalisha kwenye benchi la kinyozi. Lilikuwa lile jina.

Masele nilikuwa namjua. Alikuwa kijana wa Kisukuma, mchukuzi wa Nurudin, aliyembebea magunia na kumpigia kasia. Walilingana kimo, walilingana mabega. Siku moja nilimwita "baba Maulida" kwa nyuma, akageuka, nikaona haya kutwa nzima. Wakati wa msiba niliuliza: Masele yuko wapi, mbona haji kumzika tajiri wake? Makame akanijibu kuwa kaenda migodini Geita. Nikaridhika. Kila mtu aliridhika. Miaka ile kijana akitoweka Mwanza, basi alikuwa kaenda Geita.

Mwaka mzima polisi walitafuta adui za Nurudin. Adui za Masele hakuna aliyewatafuta, kwa sababu hakuna aliyejua Masele amekufa.

"Dada, nikuletee maji?" kinyozi aliuliza.

"Nionyeshe nyumba," nikasema.

*

"Hodi."

"Karibu. Ni nani? Sauti hiyo siijui."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia. Kuna kigoda hapo mkono wa kushoto, usikanyage dagaa."

Bibi kizee alikuwa amekaa kwenye mkeka, macho yamefunikwa weupe yote mawili. Alijitaja jina kabla sijamwuliza: Dorotea. Alinyoosha mkono hewani nikaushika.

"Umetoka wapi?"

"Mwanza, mama."

"Mwanza!" Alikaza vidole vyangu. "Basi umemfuata Masele. Katoka na mkewe Odeta, wanarudi sasa hivi. Ndiye niliyebaki naye. Wengine wote nilizika."

"Mmekaa hapa siku nyingi?"

"Alinifuata kwetu, huko Magu. Macho yalikuwa yamekwisha. Zamani yalikuwa mekundu, moshi wa jikoni, na wewe unajua kwetu kizee mwenye macho mekundu anaitwa mchawi. Jirani yangu walimkata mapanga mchana, na mpaka leo hajulikani aliyemkata. Nikawa nangoja zamu yangu. Siku moja nasikia mtu anaingia, anasema, 'Mama, mimi Masele, nimerudi kutoka Geita, nimekuja kukuchukua.' Akanileta huku, tusikojulikana na mtu."

"Ulimjua kwa sauti?"

Aliviachia vidole vyangu.

"Migodi inaharibu sauti ya mtu. Vumbi lile. Hata Kisukuma kimempotea, nikimsemesha ananijibu Kiswahili. Anasema mji umemlevya." Akacheka, akafuta macho yake yasiyoona. "Na mimi nikasema sawa. Mtoto akirudi humwulizi karudi vipi."

Nilitaka kukimbia. Lakini mlangoni palikuwa pameingia giza la mtu.

Nurudin.

Amenenepa. Kichwa kimenyolewa kinang'aa, shavuni mshono wa kovu, shingoni rozari. Nyuma yake mwanamke mchanga amebeba kapu, tumbo limetangulia mbele.

Hakushtuka. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Mtu akiona mzimu hupiga kelele, na yeye ndiye aliyekuwa mzimu, lakini aliyetaka kupiga kelele ni mimi.

"Karibu mgeni," akasema. "Odeta, chai."

"Masele, anatoka Mwanza," bibi alisema.

"Najua, mama. Ni mke wa rafiki yangu. Ngoja nimwonyeshe shamba."

*

Tulisimama nyuma ya nyumba kwenye mihogo. Alivunja jani akalizungusha mkononi.

"Umefuata nini, mama Maulida?"

"Nani yumo kaburini?"

"Unajua."

"Nataka kinywa chako kiseme."

"Masele." Alilitamka kama anayetaja bei ya nyanya.

Nilimwuliza kwa nini. Hakunificha kitu, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa, maana mtu hakuambii kila kitu ila akijua huna pa kukipeleka.

Mzigo wa mabondo wa siku ile haukuwa wake. Ulikuwa wa mtu mzito ambaye hata mbele yangu hakuthubutu kumtaja. Yeye na Makame walikuwa wamepanga kuupitisha njia yao, wauuze wenyewe. Masele akakataa kupiga kasia. Akasema atamwambia mwenye mzigo.

"Tukagombana mtumbwini. Nikampiga na kasia. Sikukusudia afe."

"Na uso?"

"Uso ni Makame."

"Makame!"

"Alisema tunalingana. Alisema mwenye mzigo akisikia nimekufa, hatanitafuta. Nikavua shati langu, tukamvika. Pete ilikataa kuingia, Makame akatumia sabuni."

Nilishika mti wa muhogo, ukang'oka.

"Na mimi, Nurudin? Kwa nini hukuniambia? Ningekuficha. Ningekufuata popote."

"Ungejua, usingelia vile. Tulihitaji mtu wa kulia kweli."

Msomaji, nimepigwa mahabusu. Nimelala chumba kimoja na wanawake walioua. Sijawahi kupigwa kama nilivyopigwa na maneno yale.

"Na mama yake? Ulikosa pengine pa kujificha?"

"Mtu mpweke kila mtu anamwuliza katokea wapi. Mwenye mama kipofu wanampisha njia." Akatazama kuelekea nyumbani. "Na ninamtunza. Huko kwao wangemkata. Umemsikia mwenyewe, ana furaha."

Kisha uso wake ukalainika, ukawa ule ninaoujua, na akaniuliza kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka huacha nilichoshika.

"Maulida hajambo? Makame anasema ameanza chekechea. Anasema ni mwerevu."

Nilimtazama. Hakuwa akinidhihaki. Hakujua.

"Makame anakuja huku?"

"Mara mojamoja. Ananiletea habari zenu. Alisema umeolewa tena, mtoto yuko kwa bibi yake."

"Maulida amekufa, Nurudin. Amekufa kwa surua, mahabusu, walikonifunga kwa kukuua wewe."

Jani lilimdondoka.

"Makame hakuniambia."

"Makame ndiye aliyemzika."

Alichuchumaa. Nilingoja alie. Mungu anisamehe, nilitaka alie ili nimshike. Mpaka pale nilikuwa bado natafuta mahali pa kumshika mume wangu. Alikaa vile, kichwa katikati ya magoti, kuku wakipita kati yetu.

Kisha akainuka, akakung'uta suruali.

"Basi hakuna tena kinachotuunganisha. Rudi Mwanza, Mwaija."

Alikuwa ameshaacha kuniita mama Maulida.

"Nitasema," nikamwambia. "Nitasema kwa polisi, nitasema kwa yule bibi."

"Utamwambia nani akuamini? Aliyewaambia kwamba nimekufa ni wewe."

*

Tulikuwa bado tunatazamana niliposikia hodi upande wa mbele, na sauti ya mwanamume ninayoijua.

Inspekta Luhende!

Nilikimbia kuzunguka nyumba. Alikuwa ameshuka na meli ya asubuhi, amevaa kiraia, na askari wa Nansio pembeni, aliyeuliza njia nzima mgeni wa Mwanza kaelekea wapi. Moyo ulinijaa. Kumbe alinisikia! Kumbe pamoja na ukali wake wote alinisikia!

"Afande, ni yeye! Yuko huku nyuma! Ndiye Nurudin!"

Ndipo nikamwona aliyekuwa nyuma ya askari, baraghashia kichwani, anafuta jasho kwa leso.

Makame.

"Nilimfuata jana," Luhende akasema. "Ulinitajia jina lake. Nikaona nimchukue aje kumtambua ndugu yake, kama ni ndugu yake."

Katika watu wote wa Mwanza, alikuwa amemchagua yeye.

Makame aliingia ndani. Nurudin alikuwa ameshapitia mlango wa nyuma, amekaa kwenye kigoda, kikombe mkononi. Ndugu wawili wakatazamana. Makame akatikisa kichwa taratibu, akatoa machozi. Nawaapia, machozi ya kweli.

"Afande, kaka yangu nilimlaza kwa mikono hii. Huyu simjui. Shemeji tangu afiwe na mtoto kule ndani, akili haijamrudi. Kila mwanamume mrefu anamwita Nurudin. Tunamwombea."

"Mwongo! Ulimponda uso wewe! Amenieleza sasa hivi kwenye mihogo!"

"Nani amekueleza?" Luhende akauliza.

"Yeye!"

Nurudin aliweka rozari sawa kifuani. "Afande, mimi naitwa Masele. Mama huyu ameingia kwangu leo, analia, anataka nimfuate Mwanza. Nimemkaribisha chai. Mke wangu mjamzito yuko hapa anasikia haya yote."

Odeta alikuwa ameegemea ukuta, mdomo wazi. "Mume wangu ni Masele," akasema, na maskini ya Mungu alikuwa anasema alichokijua.

"Mpeleke Mwaloni, afande!" nililia. "Msimamishe pale sokoni! Wauza samaki wote watamwita jina lake!"

Luhende aligeuka. Niliona neno lile limemwingia. Alimtazama Nurudin, akamtazama Makame, akamtazama tena Nurudin, na nikaona jasho limeanza kwenye kile kichwa kilichonyolewa. Kidogo tu. Ilibaki kidogo tu.

Kisha akachuchumaa mbele ya mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, mimi ni polisi kutoka Mwanza. Wewe ni mtu mzima, nakuheshimu. Kuna kesi ya mtu aliyeuawa, imetusumbua miaka. Naomba uniambie jambo moja. Huyu aliyekaa hapa ni nani?"

Dorotea aligeuza uso wake mweupe kuelekea kwa Nurudin. Alinyoosha mkono, akamshika goti, akapanda na vidole mpaka begani, mpaka shavuni, akapita juu ya kovu.

"Huyu ni mwanangu Masele," akasema. "Nimemzaa mimi."

"Una hakika, mama?"

"Mama hamjui mwanawe?"

Luhende aliinuka, magoti yakalia. Alinigeukia, na ile huruma ya ofisini haikuwepo tena.

"Mwaka tisini na nne ulituonyesha maiti ukasema ni mumeo. Leo unanionyesha mtoto wa mtu unasema ni mumeo. Na umesema mbele ya mashahidi kwamba uliyemzika si Nurudin. Sawa. Ni nani?"

"Masele! Mwana wa huyu bibi!"

"Mbele ya mama yake unasema hivyo?" Makame alishika kichwa. "Shemeji, huna hata haya?"

"Kama si Nurudin," Luhende aliendelea, "basi uliidanganya serikali na ukaficha maiti ya mtu. Kama ni Nurudin, leo umedanganya. Chagua, mama. Vyovyote utakavyochagua, unarudi na mimi."

"Na yeye?"

"Mwaloni nitakwenda kuuliza. Kazi yangu siisahau. Lakini kwanza wewe."

Askari alinifunga pingu. Zilikuwa za baridi, kama zile za kwanza.

Mmeona jinsi kesi inavyokufa? Mkononi mwa Luhende kulikuwa na muuaji na msaidizi wake, kigoda kwa kigoda, na alikuwa anamwondoa shahidi. Akija kurudi kutoka Mwaloni, nyumba hii itakuwa tupu. Mimi nililijua hilo. Makame alilijua. Nurudin alikuwa ameshainua kikombe, anakunywa.

"Afande," Dorotea akaita. "Niache nimuage. Alikuwa mgeni wangu."

Luhende alitikisa kichwa kwamba sawa, akatoka nje kuwasha sigara. Askari alinisogeza.

Bibi alijivuta kwenye mkeka akasimama. Alinishika uso kwa mikono miwili, kama alivyomshika Nurudin, lakini kwangu vidole vyake havikupapasa, vilikaza. Nilitaka kumtemea mate. Alikuwa amenizika hai.

Akanivuta mpaka shavu lake likawa kwenye sikio langu. Pumzi yake ilikuwa ya moto.

"Binti yangu," akanong'ona, "Masele wangu mlimzika wapi?"

Nilifungua mdomo.

Nyuma yake nilisikia kikombe kinawekwa chini, taratibu, na kigoda kinasogezwa.

"Mama," Nurudin akasema, "umemwambia nini mgeni?"